Pikipiki Kuchemsha: Historia Fupi ya Maji na Upepo

Wiki hii kuna kitu kimenikaa kichwani ambacho hakihusiani kabisa na kozi ninayosoma, kwa hiyo nakimwaga hapa. Swali ni hili: kwa nini kwetu Mbalibali, na naweza kusema Tarime na Serengeti yote, fundi anafungua injini ya bodaboda na kuifunga huku anapiga stori, lakini ukimletea pikipiki ya zamani yenye rejeta anabaki anaiangalia tu? Jibu rahisi la hapa kempasi ni kwamba mafundi wa kijijini hawajasoma. Mimi nakataa. Jibu liko kwenye historia ya vyombo vilivyotufikia.

Tuanze mbali kidogo. Pikipiki ya kwanza duniani kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa ni Hildebrand & Wolfmüller ya Munich, Ujerumani, mwaka 1894. Na ilikuwa ya maji! Madigadi ya nyuma ndiyo ilikuwa tangi la maji ya kupoozea injini. Mwaka 1908 Mwingereza Alfred Scott akaanza kuuza pikipiki zake za maji, na zikashinda mashindano ya Senior TT kule Isle of Man mwaka 1912 na 1913. Za Scott hazikuwa hata na pampu. Maji yakipata moto yanapanda, yakipoa yanashuka, basi yanazunguka yenyewe. Kwa hiyo mtu asikwambie rejeta kwenye pikipiki ni mambo ya juzi.

Ila upepo ulishinda. Silinda yenye mapezi ni nyepesi, ni rahisi, haina mpira wa kupasuka wala maji ya kuvuja. Kwa miaka mingi maji yalikuwa ya wachache tu, mpaka Suzuki ilipoleta GT750 mwaka 1971. Waingereza wakaibatiza Birika, Wamarekani wakaiita Nyati wa Maji. (Sisi tunaopakana na nyati wa kweli tungewapa ushauri kuhusu hilo jina, lakini hawakutuuliza.)

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo habari yetu inapoanzia. Katikati ya miaka ya 1970 Honda ilituma wahandisi wake wakaangalie pikipiki zinavyotumika kwenye nchi maskini. Wakakuta mtu anabeba mzigo wa punda, oili haibadilishwi, chujio la hewa halijaguswa tangu linunuliwe. Hawakuanza kutoa semina. Walirudi wakatengeneza CG125, injini inayovumilia hayo yote: valvu zinasukumwa na fimbo, na kinachoipooza ni upepo. Wachina wakaja kuinakili mno, na nyingi ya zile pikipiki za Kichina zilizojaa Tanzania miaka ya 2000 ni wajukuu wa CG. Mwaka 2010 serikali ilipotoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, bodaboda ilikuwa imeshakuwa ajira ya vijana nchi nzima. Boxer na TVS za India nazo zikaja, na zile zilizoenea kwenye bodaboda ni za upepo vilevile.

Kwa hiyo kijana aliyejifunza ufundi chini ya mwembe pale kwetu amefundishwa na CG. Injini ya upepo ikipata moto kupita kiasi, anajua: angalia oili, toa tope kwenye mapezi, angalia kama kabureta inatoa mafuta kidogo, angalia plagi. Yakishindikana, shusha silinda, badilisha ringi na pistoni. Kwa pikipiki hizo hayo ni majibu sahihi kabisa!

Na maji je? Somo la maji tulilipata kwenye malori na Land Rover. Utingo anashuka na kidumu, rejeta inafoka mvuke, anajaza maji ya mtoni, safari inaendelea. Mimi nahisi hata huku kumwita aliyefeli mtihani "amechemsha" kumetoka barabarani. Lakini lilikuwa nusu somo. Lilifundisha kujaza, halikufundisha kwa nini maji yanapungua wala yanazungukaje.

Nusu somo hilo lina bei. Kuna mzee jirani yetu Mbalibali ana pikipiki ya zamani ya maji, kaipenda kama mtoto. Ikaanza kuchemsha. Kila ikichemsha anajaza maji ya mto Mara. Ikanoki. Fundi akamwambia, "Mzee, ringi zimeisha, na pistoni imekwaruzika." Ni kweli zilikuwa zimekwaruzika. Mzee akauza ng'ombe, vikanunuliwa vipya. Haukupita muda, ikanoki tena. Ng'ombe wa pili. Kwetu ng'ombe wawili ni mwanzo wa mahari, wadau, si mchezo.

Hakuna aliyegusa mipira ya maji. Angegusa (kwa uangalifu, injini ikiwa imewaka) angekuta injini inaunguza na rejeta ni baridi. Hapo maji hayazunguki, na mtuhumiwa wa kwanza ni themostati, kile kivalvu kinachofunguka maji yakipata moto, wa pili ni pampu. Likizo tuliitoa tukaiweka kwenye sufuria jikoni. Maji yakachemka, yenyewe imefunga kimya, imejaa kutu. Maji ya mtoni yana madini na tope, na hayana dawa ya kuzuia kutu iliyomo kwenye kulanti.

Ingekuwa rejeta nayo ni ya moto, tungetazama feni, tope na nyasi zilizoziba nje, au kifuniko. Kifuniko hicho watu wanakidharau sana. Kwenye mwinuko wetu, mita 1,300 na zaidi, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 au 96 hivi. Springi ya kifuniko ikiwa nzima, mgandamizo unayafanya yavumilie mpaka zaidi ya 110. Ndiyo maana ukikifungua kikiwa cha moto kinakubabua uso. Na ungeona mapovu yasiyoisha kwenye rejeta, au moshi mweupe mzito hata injini ikiwa imeshapata moto, hapo ndipo ushuke kwenye gasketi ya silinda hedi.

Madereva wengi wa malori themostati wanaitoa na kuitupa. Mzee naye alitaka hivyo. Nikamwomba, "Baba, tutafute nyingine," maana bila hiyo injini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta na inalika haraka. Alicheka, akasema kifaa chenyewe kinaenea kwenye kiganja na kimekula ng'ombe wawili.

Fundi yule simlaumu. Alikuja jikoni kuangalia ile sufuria, akauliza maswali mengi kuliko wote. Haya, kesho nina test ya takwimu, ngoja nisije nikachemsha na mimi.