Mkuyu na Nyigu Wake Kandokando ya Mto Tana

Katika misitu inayoandama kingo za Mto Tana kaskazini mwa Garsen, ambako Wapokomo wamelima kwa kufuata mafuriko tangu enzi za mababu, mkuyu na nyigu wake mdogo hudhihirisha mageuko ya pamoja, yaani hali ya viumbe wawili kuundana kizazi baada ya kizazi. Maua ya mkuyu yamefichika ndani ya kuyu, na nyigu jike hupenya humo, akayachavusha na kutaga mayai. Binti zake hutoka wakibeba chavua, yaani unga wa uzazi wa maua. Hifadhi iliyotengwa katika misitu hiyo mwaka 1976 kwa ajili ya mbega wekundu na mangabei, kima wanaokula makuyu, ililinda pia ushirika huo mkongwe.