Mvua Kavu

Nyuma ya jukwaa la kabuki, tamthilia ya Wajapani iliyozaliwa karne ya 17, mvua hutoka kwenye kipepeo cha mkono. Karatasi ya kipepeo hicho imeshonewa shanga kwa nyuzi fupi, na kikitikiswa shanga huichapa karatasi hadi mtu aliyekaa nyuma kabisa ukumbini akasadiki kuwa nje kumechafuka. Bahari nayo imo ndani ya ungo mpana wenye maharage madogo mekundu: yakisombwa upande mmoja, wimbi linapanda ufuko, yakirudi, maji yanaburura changarawe. Kisha ipo ngoma kubwa, odaiko, yenye mapigo yake ya mvua, ya mawimbi na ya maji ya mto. Inalo hata pigo la theluji, hafifu, la fimbo iliyovikwa kitambaa, ingawa theluji ikianguka haina mlio wa kusikika.

Pigo hilo la theluji linatia dosari maelezo yaliyozoeleka kuhusu kazi ya kutengeneza sauti za maji. Tunaambiwa kwamba watu wa zamani hawakuwa na vinasa sauti, basi wakahangaika na mbegu na ngoma. Mitambo ilipokuja, uigizaji huo ukaanza kupitwa na wakati. Lakini aliyebuni pigo la theluji hakukosa mtambo, alikosa cha kunasa. Kwa maoni yangu, kilichoamua tangu mwanzo kama fundi atashika kitu kikavu au kibichi ni umbali wa maji na sikio, wala si ubora wa vyombo vyake. Maji ya mbali yametengenezwa kwa vitu vikavu karne nenda karne rudi na watu wakaridhika. Maji ya karibu yamegoma kuigwa kwa kitu chochote kikavu.

Kumbi za Ulaya zilifika palepale. Mafundi wake walikuwa na sanduku refu la mbao lenye misumari au vibao ndani, ambamo njegere kavu zilishuka zikigonga huku na huku, na hiyo ikawa mvua. Vipira vidogo vya risasi vikiviringishwa juu ya ngozi ya ngoma vilikuwa bahari. Redio ikaongeza ugumu, maana msikilizaji hana pazia lililochorwa wingu la kumsaidia. Tarehe 15 Januari 1924 BBC ilirusha mchezo wa Richard Hughes uitwao Danger, unaohusu watu walionaswa ndani ya mgodi wa makaa ya mawe huko Wales, taa zimezimika na maji yanapanda. Wasikilizaji walishauriwa wazime taa zao pia. Katika mazingira kama hayo sauti ya maji ndiyo mchezo wenyewe. Na studio za redio zilifanyaje? Kwa mvua, zilimwaga mchele au mbegu ndogo polepole juu ya karatasi ngumu, kwa sababu mvua halisi ikipita kwenye maikrofoni ilisikika kama vitumbua vinavyokaangwa. Kwa mtu anayepiga kasia, au anayevuka kijito kwa miguu, zilileta tangi la maji na kibao cha kuyachapia. Chumba ni kilekile, fundi ni yuleyule, maikrofoni ni ileile. Kama ubovu wa maikrofoni ndio uliolazimisha mchele, basi ungelazimisha mchele kwa kasia pia.

Sababu iko ndani ya maji yenyewe, au niseme ndani ya hewa. Mwaka 1933 Marcel Minnaert, Mbelgiji aliyefanya kazi Utrecht, Uholanzi, alionyesha kwa hesabu kwamba wimbo wa maji yanayotiririka ni wa vipovu. Kipovu chenye nusu kipenyo cha milimita 1 hutetemeka takriban mara 3,000 kwa sekunde, na cha sentimita 1 takriban mara 300. Kadiri kinavyokuwa kikubwa ndivyo sauti inavyokuwa nzito. Mwaka 2018 watafiti wa Cambridge walilichunguza tone la bomba lililolegea kwa kamera ya kasi na kinasa sauti cha chini ya maji. Waligundua kuwa tone likigonga uso wa maji halisikiki sana; kinacholia ni kipovu kidogo kinachonaswa chini yake sekunde hiyohiyo, na ukitia sabuni ya kuoshea vyombo, mlio unapotea. Kiswahili kimepanga haya kitambo: ndondondo ni tone na tone jingine, chururu ni mfululizo, chubwi ni kitu kimezama. Anayekinga maji gizani anajua mtungi unakaribia kujaa kwa kusikia tu sauti ikipanda, kwa kuwa nafasi ya hewa ndani yake inafupika. Sauti ya namna hii ina noti, inapanda na kushuka, na njegere haina noti ya kutoa. Mvua ya mbali ni jambo jingine: migongano maelfu kwa maelfu imechanganyika hadi sikio halitofautishi mmoja na mwingine, linasikia wingi tu. Mbegu nyingi zinatosha kuwa wingi.

Filamu zilipopata sauti, fundi alisogezwa karibu kuliko alivyowahi kukaa. Jack Foley wa studio ya Universal alianza kazi hiyo na Show Boat, filamu ya 1929 iliyopigwa kimya kisha ikatiwa sauti, na yeye na wenzake wakasimama mbele ya skrini wakitoa milio sambamba na picha. Kazi hiyo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Kamera ikisogelea kiatu kwenye dimbwi, mtazamaji anadai asikie dimbwi lile. Kwa Singin' in the Rain ya 1952, milio ya hatua ilirekodiwa upya studioni, na mcheza dansi Gwen Verdon alisimulia kuwa yeye na mwenzake Carol Haney waliicheza wakiwa wamesimama ndani ya maji.

Hapa pana pingamizi la haki. Mbona mafundi wa vitu vya karibu hawatumii maji matupu? Rafu zao zina ngozi laini za kufutia magari, zilizoloweshwa, na matikiti. Kwa filamu ya Terminator 2 ya 1991 fundi wa sauti Gary Rydstrom alivika maikrofoni kondomu, akaizamisha katika uji wa unga na kuupulizia hewa ya mkebe ili apate mlio wa chuma kioevu. Mhusika wa filamu hiyo aliyeumbwa kwa chuma hicho anapopenya nondo, tunachosikia ni chakula cha mbwa kinachoteleza taratibu kutoka kwenye kopo. Hayo si maji, kweli. Lakini ni mabichi yote, na yote yanafanya kazi moja: kuibana hewa na kuiachia. Kopo lile linalia kwa sababu hewa inajilazimisha kuingia mahali chakula kinapotoka. Maji matupu ni mepesi mno, yanaiachia hewa mapema. Na tazama jinsi ubichi ulivyohama maana: chuma kikipewa mlio wa majimaji, tunakiona kina mwili.

Wengine watasema siku hizi mvua halisi imerekodiwa kila mahali na inapatikana kwa kubofya, hivyo mchele umestaafu. Rekodi zipo, na nyingi ni nzuri. Ila zinachorekodi ni kile kilichonyeshewa. Mvua ikiwa bado angani karibu haina sauti. Juu ya mabati inazima mazungumzo, kwenye majani ya mgomba inachapa, kwenye mchanga haisikiki. Paa la makuti huinyamazisha kiasi kwamba mtu ndani anaweza asijue imeanza, mpaka kuti lilowe na mchirizi uanze kudondoka kwenye kidimbwi cha ukingoni. Anayetengeneza mchezo wa redio wa nyumba ya namna hiyo anaweza kuendelea na mchele wake hadi dakika hiyo. Kwa mchirizi, itabidi alete beseni.