Shujaa na Wajibu kwa Jamii: Ulinganisho wa Achilles na Cú Chulainn

Achilles wa Ugiriki na Cú Chulainn wa Ayalandi hulinganishwa mara nyingi kwa sababu wote wawili wanahusishwa na maisha mafupi yenye sifa ya kudumu. Katika Iliad, Achilles anaeleza kuwa mama yake, Thetis, alimtajia njia mbili: kufa Troy na kukumbukwa, au kurejea nyumbani na kuishi miaka mingi bila sifa. Cú Chulainn naye, akiwa bado mtoto, alimsikia mtabiri Cathbad akisema kuwa atakayepokea silaha siku ile angepata umaarufu lakini asingeishi sana. Akaenda kuomba silaha siku hiyohiyo. Mfanano huu ni wa kweli, lakini hautoshi. Makala haya yanadai kuwa tofauti ya msingi baina yao hudhihirika katika kifo cha rafiki wa karibu.

Mgogoro wa Iliad unaanzia kwenye heshima. Agamemnon anapomnyang'anya Achilles mateka wake Briseis, Achilles anajitenga na vita, na Wagiriki wanauawa kwa wingi. Hata zawadi nyingi anazoahidiwa hazimrudishi. Hatimaye Patroclus anaingia vitani akiwa amevaa deraya ya Achilles, na anauawa na Hector. Achilles anarejea vitani, lakini kinachomrudisha ni huzuni na kisasi zaidi kuliko wajibu kwa jeshi. Rafiki yake alikufa kwa sababu yeye hakuwepo.

Katika Táin Bó Cúailnge, simulizi ya uvamizi wa kuteka ng'ombe wa Cooley, hali ni kinyume. Malkia Medb wa Connacht anaivamia Ulster ili kumpata fahali mmoja mashuhuri. Wanaume wa Ulster wamelemazwa na laana ya Macha, na Cú Chulainn, kijana wa miaka 17, anabaki kuilinda nchi kwa kupigana na mpinzani mmoja mmoja kivukoni. Ferdiad, ndugu yake wa malezi aliyefunzwa naye vita kwa Scáthach, anashawishiwa na Medb kwa ahadi za mali na ndoa, na kwa tishio la kutungiwa mashairi ya kashfa. Wanapigana kwa siku kadhaa, Ferdiad anauawa, na Cú Chulainn anamlilia. Rafiki huyu alikufa kwa sababu Cú Chulainn hakuacha nafasi yake.

Hata hivyo, mfanano uliopo usichukuliwe moja kwa moja kuwa ushahidi wa asili moja ya kale. Iliad hukadiriwa kutungwa katika karne ya 8 K.K., ilhali mswada mkongwe zaidi wenye Táin, yaani Lebor na hUidre, uliandikwa takriban mwaka 1100 B.K. Waandishi wake walikuwa wasomi wa Kikristo waliojua Kilatini. Kitabu cha Leinster, cha karne ya 12, kina Táin pamoja na Togail Troí, simulizi ya Kiayalandi ya kuangamizwa kwa Troy iliyotokana na maandishi ya Kilatini yanayohusishwa na Dares. Kwa hiyo habari za Achilles zilijulikana katika mazingira hayo, ingawa si kupitia Homer. Mwishoni mwa Táin katika kitabu hicho, mwandishi mmoja anaeleza kwa Kilatini kuwa hayaamini yote yaliyosimuliwa.

Hivyo basi, ulinganisho unaoishia kwenye sifa za pamoja huficha suala muhimu zaidi: nani hulipa gharama ya heshima ya shujaa. Katika Iliad, gharama hiyo hulipwa kwanza na jeshi lililoachwa. Katika Táin, hulipwa na shujaa mwenyewe pamoja na ndugu yake, huku jamii inayolindwa ikiwa haina nguvu ya kumsaidia. Mtafiti anapaswa kuyapima maswali haya ndani ya historia ya kila matini kabla ya kuzungumzia shujaa wa aina moja.