Ngalawa ni ya nani?

Hapa Blacktown, hasa kule Mount Druitt, Wasamoa wako kila kona, si mnajua. Sasa jirani yetu mmoja aliiona picha ya ngalawa ukutani kwa mama, akasema: mbona hiki ni chombo cha kwetu! Mimi nikabisha. Kumbe hakukosea sana.

Mababu zao walitoka Taiwan yapata miaka 5,000 iliyopita, wakashuka Ufilipino na visiwa vya Indonesia. Kuna waliokwenda mashariki: Samoa na Tonga karibu miaka 2,800 iliyopita, baadaye sana Hawaii, na mwishoni Nyuzilandi, miaka ya 1200 hivi. Wengine, kutoka Borneo, wakashika magharibi. Walivuka Bahari ya Hindi mpaka Madagaska, ile wazee wetu waliyoiita Bukini, wakaoana na Waafrika. Hesabu zao bado zinafanana: tano kwa Kisamoa ni lima, kwa Kimalagasi dimy. Mbili ni lua na roa. (Kwetu lima ni jembe mkononi, msichanganye!)

Wataalamu wengi wanaona hao wa magharibi ndio walioleta ufundi wa ngalawa pwani yetu, yaani mtumbwi wenye mbao za kuelea pembeni usipinduke. Yetu ina mbao pande zote mbili, paopao ya Samoa upande mmoja tu.

Mama hakubali. Ngalawa ni ya Unguja, anasema, inachongwa kwa mwembe wa Unguja. Mwembe nao ulitoka Asia, lakini hilo bado sijamwambia.