Filimbi ni ya Nani? Sekunde Tatu za Munich na Marefa Wetu wa Shule

Wadau, leo si ya kuchekesha. Mlionizoea na zile video za Kitale mtanivumilia, juu hii imenikaa kifuani tangu michezo ya muhula wa kwanza.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, basketboli ya shule ndiyo ilinitoa nyumbani. Nilianzia mezani: kuandika alama, kisha kushika saa, na baadaye nikapewa filimbi. Huku kwetu kupanda ngazi kuna vituko vyake. Kitale iko kanda ya Bonde la Ufa, Bungoma iko Magharibi. Ukishuka matatu Kimilili tayari umevuka mpaka wa mashindano, na hakuna anayekujua. Unaanza tena kujitambulisha kwa walimu wa michezo mmoja mmoja.

Sasa, kuna mechi moja. Shule siitaji. Zilibaki sekunde chache, wenyeji wako nyuma kwa pointi moja. Mzee mmoja akatoka kwa viti, akaja mezani akasema saa imekimbia, irudishwe. Hakuwa kocha wala refa. Alikuwa tu mkubwa. Mimi ndiye nilikuwa na filimbi, na nikairudisha saa. Sekunde nne. Wenyeji wakafunga. Vijana wa ile timu nyingine walipanda basi lao bila kuniangalia.

Ndipo nikaanza kusoma, na nikakutana na Munich.

Septemba 1972, fainali ya Olimpiki, Marekani na Muungano wa Sovieti. Marekani hawajawahi kupoteza mechi ya basketboli ya Olimpiki: 63 kwa sufuri. Zikiwa zimebaki sekunde 3, Doug Collins anafunga mipira miwili ya adhabu, 50 kwa 49. Wasovieti wanarusha mpira, lakini makocha wao wako mezani wanalalamika kwamba waliomba taimauti. Mchezo unasimamishwa ikibaki sekunde 1. Hapo R. William Jones, katibu mkuu wa FIBA, anashuka kutoka alikokuwa amekaa na kuagiza sekunde 3 zirudishwe. Kwa sheria hakuwa na mamlaka hayo. Lakini nani angemwambia?

Wakarudia, na saa ilikuwa haijawekwa sawa. Honi ikalia, Wamarekani wakaanza kusherehekea, wakaambiwa warudie tena. Mara hii Ivan Edeshko akarusha mpira uwanja mzima, Alexander Belov akaudaka na kufunga. 51 kwa 50. Rufaa ikakataliwa kwa kura 3 kwa 2, na Wamarekani hawajachukua zile medali za fedha hadi leo.

Watu wengi wanaishia hapo kwa wachezaji. Mimi nilibaki na refa. Renato Righetto wa Brazil alikataa kutia sahihi karatasi ya alama. Matokeo hayakubadilika. Lakini hakuweka jina lake. Mimi yangu niliitia sahihi, tena haraka, nisikose matatu ya mwisho.

Kinachoniuma ni kwamba jibu lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Desemba 1891, James Naismith alipoandika sheria zake 13 kule Springfield, Marekani, aliweka waamuzi wawili. Mmoja aangalie watu na faulo zao, mwingine aangalie mpira. Na huyo wa mpira ndiye alipewa kazi ya kushika saa. Hakusema mkuu wa chuo. Hakusema mgeni wa heshima.

Sheria za FIBA za sasa zimeongeza watu mezani, na kwenye mechi kubwa marefa ni watatu, lakini mantiki ni ile ile. Wa mezani wanamsaidia refa mkuu. Sahihi yake ndiyo inafunga mechi. Akishaiweka hana tena la kufanya.

Kwa hivyo maoni yangu, na najua kuna walimu watakasirika: tunawafundisha marefa vijana ishara za mikono na mahali pa kusimama, vizuri, lakini hatuwafundishi kumwambia mzee "tafadhali mwalimu, rudi ukae." Kwa malezi yetu hiyo ni ngumu kuliko kuhesabu hatua. Mkubwa akisema, unanyamaza. Na ni yeye huyo anaweza kusema usiitwe tena. Unaweza kujua kitabu chote cha sheria na bado ukaishia kuzunguka hapa hapa, ukirudisha saa za watu. Chama cha michezo ya shule za sekondari kiamue: kabla mpira haujarushwa, mbele ya makocha wote wawili, itangazwe nani anaruhusiwa kufika ile meza.

Niliwatafuta wale vijana. Kapteni wao alinijibu kwa ujumbe mfupi: "Ref, ulijua?"

Nilijua.