Historia katika Gamba

Wasikilizaji, sisi tufundishao hapa Kipatimu husema kila mwaka darasani: Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505. Wakati huo, katika bahari ya baridi karibu na Iceland, alikuwapo chaza mwenye umri wa miaka 6. Kila mwaka gamba lake liliongezeka mstari mmoja. Alivuliwa mwaka 2006, akafa, umri wake haujajulikana. Wataalamu walihesabu mistari penye bawaba ya gamba, wakapata miaka 405 hivi. Kumbe hapo mistari imebanana mno. Mwaka 2013 walitangaza hesabu mpya, ya upande wa nje: miaka 507. Kosa la miaka mia! Basi wanafunzi, msione haya kurudia hesabu.