Kujinyoosha viungo kwa wenye jeraha la uti wa mgongo

Kujinyoosha viungo baada ya jeraha la uti wa mgongo ni mazoezi ambayo mtu aliyepooza miguu, au miguu na mikono, huyafanya mwenyewe ili viungo visikakamae. Hutumia mikono yake, uzito wa mwili, au kitu cha kuvutia kama mkanda, taulo au khanga iliyokunjwa.

Kiungo kinachokaa mkao mmoja hukakamaa, kwa kuwa misuli na kano zake hufupika. Kwa anayeshinda kwenye kitimwendo, nyonga na magoti ndiyo huathirika zaidi, maana hukunjwa kutwa nzima. Kulala kifudifudi, kwa anayeweza na asiye na kidonda, hunyoosha nyonga bila kutumia nguvu, ingawa wengi hawalihesabu kuwa zoezi.

Misuli ya nyuma ya paja ndiyo yenye kazi kubwa. Ili mtu avae suruali mwenyewe akiwa amekaa kitandani, miguu imenyooka mbele, nyonga inapaswa kukunjika kupita nyuzi 90 goti likiwa limenyooka. Njia nzuri ni kulala chali, kupitisha mkanda chini ya unyayo na kuuvuta mguu juu polepole, mguu wa pili ukibaki kitandani. Asiyeweza kufumba vidole huingiza kifundo cha mkono kwenye kitanzi cha mkanda. Kujiinamisha kwa nguvu akiwa amekaa ni kosa la kawaida: mgongo hupinda, na kinachovutwa huwa kiuno badala ya paja. Kiuno kilichokaza kiasi kina faida kwa aliyepooza, kwani humsaidia kukaa bila kuyumba.

Mkononi pia kuna vya kuachwa vikiwa vimekaza kiasi. Aliyeumia usawa wa pingili ya sita ya shingo kwa kawaida huweza kuinua kifundo cha mkono lakini hawezi kufumba vidole. Kano za vidole zikibaki fupi kidogo, kila anapoinua kifundo vidole hujikunja na gumba husogea kwenye kidole cha shahada. Kwa mshiko huo hunyanyua kijiko au mswaki. Ndugu mwenye huruma anayemnyoosha kifundo na vidole kwa pamoja kila asubuhi humharibia mshiko huo. Vidole hunyooshwa kifundo kikiwa kimeinama tu. Hata anapoegemea mikono ili kunyoosha viwiko, vidole huachwa vimekunjwa.

Faida ya kunyoosha imetiwa chumvi mno. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2017, yaliyoongozwa na Lisa Harvey wa Australia, yalionyesha kwamba kunyoosha kwa muda usiofika miezi saba hakuongezi mwendo wa viungo kwa kiwango cha maana. Hivyo si busara kuvuta kwa nguvu kwa matumaini ya kupata zaidi.

Nguvu hizo zina hatari. Mifupa iliyo chini ya jeraha hupoteza uimara, na inaweza kuvunjika bila mwenyewe kusikia maumivu. Mguu uliovimba au kupata joto ghafla upimwe hospitalini. Aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, akipata kichwa kinachogonga, jasho na presha kupanda akiwa mazoezini, aache mara moja, akae wima, akague kama mpira wa mkojo umeziba au umejikunja, na dalili zisipoisha apelekwe hospitalini kwa dharura.